Vifurushi Vinne vya Wali wa Ukwaju

Kazini kwetu kuna friji moja ya watu wote na meza moja ndefu ya kulia, na mimi huwa sina neno na chakula cha mtu. Wanapasha samaki, wanapasha kabichi, mimi kimya. Lakini juzi dada mmoja mgeni alifungua kopo lake la chakula cha mchana nyuma yangu, na kabla sijageuka nikajua ni nini. Ukwaju uliochemshwa mpaka ukakaukia kwenye mafuta ya ufuta. Haradali, pilipili kavu, njugu za kukaanga. Na chini ya vyote hivyo mvuje, ile harufu kali ambayo ukishaizoea utotoni huipotezi tena. Akaniona namkodolea macho. "Karibu uonje," akaniambia, akanisogezea kijiko. Nikamjibu kwamba njugu zinanidhuru. Mimi! Mtu niliyelelewa kwa njugu tangu sijaota meno. Kisha nikatoka nje, nikasimama kwenye maegesho ya magari huku mvua inaninyeshea, nimekasirika hasira mbichi kabisa ya mtoto wa miaka kumi.

Wenzangu wa rika langu, hasa nyinyi ambao mzazi alitangulia huku ng'ambo mkaja kuletwa baadaye, naamini kila mmoja ana harufu yake. Yangu ni hiyo. Sijawahi kuisimulia mpaka mwisho kwa sababu kila nikianza naambiwa, "Aa, hilo nalo ni jambo?" Ni jambo. Ngojeni nilieleze.

Tulikuwa tunakaa Erdington, mtaa wa Birmingham, Uingereza, Mama na mimi, kwenye safu ya nyumba zilizoshikana ambako jirani akipiga chafya unamwombea afya kupitia ukutani. Mama alikuwa nesi. Nilikuwa nimeletwa kutoka Voi, kwa Bibi, nikiwa na miaka saba, na mwaka wa kwanza wote Birmingham kwangu ilikuwa ni baridi, shule, na kumsubiri Mama. Shifti zake zilikuwa za saa kumi na mbili mfululizo. Asubuhi aliondoka nikiwa bado nimelala, na jioni alirudi nikiwa nasinzia kwenye kochi. Nisingejua hata sauti yake kama si siku zake za mapumziko.

Aliyeniokoa alikuwa Anti Sarasu. Alikaa milango miwili kutoka kwetu, na alikuwa na ufunguo wetu. Mama akitoka alfajiri, yeye anaingia. Alikuwa Mtamil wa Madurai, kusini kabisa mwa India, mwanamke mfupi, mwenye nywele zinazofika kiunoni na kicheko cha kukohoa. Mume wake, Anko, alikuja kwa mkataba wa kazi za kompyuta, na walikuwa na binti mmoja, Nila, wa darasa moja nami. Mama alimwita Anti "Mama Nila," kama sisi tunavyomwita kila mwenye mtoto. Yeye alimwita Mama "Sista," kwa sababu kwao kila nesi ni sista, awe mtawa asiwe. Tulizungumza naye Kiingereza, lakini hapa nitamsemesha Kiswahili, maana moyoni mwangu ndivyo ninavyomsikia.

Anti alimwita Nila "kanna," neno lao la kumwita mtoto unayempenda. Na mimi akaniita kanna. Nilichunguza sana jambo hilo, msinicheke. Kwa wiki nzima nilikaa nikisikiliza kama kanna ya Nila ni ndefu kuliko yangu, au ina utamu zaidi mwishoni. Haikuwa na tofauti yoyote. Siku nilipoamini hivyo, nililala usingizi wa kushiba.

Sasa, huo wali. Kwao unaitwa puliyodarai, ila kwa Anti tuliuita wali wa safari, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Ukwaju na mafuta ya ufuta huuhifadhi. Unakaa siku mbili bila friji, hauchachi, hauna mchuzi wa kumwagika, na unaliwa ukiwa baridi. Watu wa kwao, alisema, hawapandi treni bila huo. Bibi yake aliufunga kwenye jani la mgomba, yeye aliufunga kwa foili ya maduka ya High Street. Na alikuwa na sheria yake: siku ya kawaida haupikwi. Nilimwomba mara ngapi! Nikirudi shuleni na njaa yangu, "Anti, tupikie wali wa safari." Alikuwa akinitazama juu mpaka chini na kuniuliza, "Kwani unakwenda wapi wewe?"

Basi nikajifunza kwamba siku ukwaju ukilowekwa, kuna safari. Tulikwenda Sutton kwenye bustani ile kubwa yenye farasi. Tulipanda treni ya Lichfield mara mbili, na mara moja tulikwenda baharini, tukakaa kwenye mchanga tumevaa makoti tukila kwa vidole. Kila mtu alikuwa na kifurushi chake: Anko, Anti, Nila, mimi. Changu kilikuwa na njugu nyingi zaidi kwa sababu nilizitoa kwenye kifurushi cha kila mtu mpaka Anti akachoka na ugomvi. Mama alipoonja mara ya kwanza alishtuka. "Ala! Ukwaju kwenye wali? Kwetu huu ni wa juisi!" Halafu akala sahani mbili. Ila mvuje ulimchekesha. Alisema bibi yake aliwafungia watoto wachanga mkononi kuwafukuzia mashetani, na sasa huyu anautia kwenye chakula.

Mimi nilifundishwa kuupika. Wengine walijifunza kusuka nywele, mimi nilijifunza hili, na niliringa nalo. Jumamosi tulikuwa tunakwenda Alum Rock kwa basi kununua ukwaju wa vipande na yale majani madogo ya kijani wanayotia kwenye kila kitu, na Anti alinipa niyanuse kwanza kabla hajachukua fungu. Unaloweka ukwaju kwenye maji moto, unaukamua kwa vidole mpaka zibaki kokwa na nyuzi. Unakaanga haradali mpaka ipasuke, unatia dengu, pilipili, njugu, majani, mvuje. Unamimina ukwaju wako na manjano na kipande cha sukari nguru, unaacha uchemke taratibu, taratibu, mpaka mafuta yapande juu. Wali unautandaza kwenye sinia upoe kabisa. Na kuanzia hapo, maji marufuku. Kijiko kikavu, mkono mkavu. Tone moja tu likiingia, wali utachacha njiani. "Wali huu haupendi maji," Anti alisema, na mimi nilikuwa askari wa sheria hiyo; Nila akija na glasi yake ya maji nilimfukuza jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi. Mtakumbuka, ulikuwa wakati wa kile kidude cha kuzungusha vidoleni ambacho kila mtoto alikuwa nacho mpaka walimu wakakikataza. Cha Nila kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kinawaka taa, na alikuwa haniazimi hata kwa dakika moja. Wiki moja kabla shule hazijafungwa akanipa. "Chukua, kimenichosha." Siku mbili baadaye akanipa viatu vyake vya magurudumu. "Vinanibana," akasema. Nilivijaribu, vikaniingia, na mguu wangu ulikuwa mkubwa kuliko wake. Nikafikiri: kumbe Nila amekuwa mtu mzuri! Nikamwambia mwaka ujao nitakaa naye meza moja, nikamchagulia mpaka kiti. Akasema sawa. Akawa anaangalia kidole chake cha mguu.

Kulikuwa na mambo mengine. Picha za ukutani kwa Anti ziliteremshwa, zikabaki alama nyeupe. Walikuja watu wawili wakabeba kochi. Friji ilikuwa na maziwa tu na limau moja. Nikamuuliza Anti, "Mnapaka rangi?" Alikuwa amenipa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Ndiyo, kanna. Rangi." Nikaanza kumshauri kuhusu rangi. Nilisema chumba cha Nila kiwe cha kijani, na ukumbi uwe wa manjano kama bizari, na akaniambia atafikiria. Nikienda kulala nilikuwa naipaka nyumba ile kichwani, chumba kwa chumba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Niliamka nikamkuta Mama nyumbani, amevaa nguo za kawaida, na Mama alikuwa hapewi Jumamosi hata akipiga magoti. Anti akabisha hodi kuazima sufuria yetu kubwa. "Zako ziko wapi?" nikauliza, maana jikoni kwake kulikuwa na sufuria za kupikia arusi. "Kwenye maboksi, kanna. Kwa sababu ya rangi." Nikaibeba ile sufuria mwenyewe, kwa mikono miwili, kutoka mlango wetu mpaka mlango wake. Nilipoingia nikaona bakuli la ukwaju limelowekwa juu ya meza. Nikapiga kelele. Safari! Nila alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakupiga kelele pamoja nami, na nikamwambia asijitie kununa siku nzuri kama hiyo.

Nilikamua ukwaju. Nilikaanga njugu, na sikuunguza hata moja. Pilipili zilipoingia kwenye mafuta moto moshi ukapanda, sote tukakohoa, na Anti akaanza kulia machozi. Yakawa hayaishi. Moshi ulikwisha, dirisha likafunguliwa, yeye bado. Wali ulikuwa umetandazwa kwenye sinia mbele yake, na nikaona chozi limefika kidevuni. "Anti, maji!" nikamkemea, kama alivyonifundisha. "Utauchachisha!" Akageuka haraka, akajipangusa kwa sehemu ya juu ya mkono, akasema, "Kweli. Kweli, kanna. Asante." Kisha akaniambia nikaushe mikono yangu vizuri, leo nichanganye mimi.

Alikuwa hajawahi kuniachia kuchanganya. Ni kazi ya vidole. Unaunyanyua wali kutoka chini unaufunika juu, polepole, punje zisivunjike, mpaka wote ugeuke rangi. Alisimama nyuma yangu akinitazama. Nikajisikia mtu mzima. Nikamwita Mama, ambaye wakati huo alikuwa ameingia na kusimama mlangoni amekunja mikono kifuani, nikamwambia, "Mama, ona! Nimechanganya mwenyewe!" Mama akasema, "Naona, mamangu." Ananiita hivyo kwa sababu jina langu, Wakesho, ni la mama yake.

Anti akafunga vifurushi. Nikahesabu, kwa sababu nilikuwa nahesabu kila mara: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Anko, Anti, Nila, mimi. Ndiyo, nilikuwemo. Kama vingekuwa vitatu ningeuliza, ningelia, ningefanya vurugu. Lakini vilikuwa vinne, na cha nne kilikuwa kimevimba upande mmoja kwa njugu.

"Tunakwenda wapi leo?" nikauliza. Anti akamtazama Mama. Mama akasema, kwa sauti nyepesi kabisa, "Kavae viatu vyako vya michezo, mamangu. Na koti. Upesi."

Nilikimbia kwetu. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko mtoto yeyote kwa kuvaa viatu. Shuleni tulipokuwa na michezo nilisimama mlangoni wenzangu bado wanatafuta soksi. Koti nikalipata. Nikatia kwenye begi vazi la kuogelea na penseli za rangi, pengine ni baharini. Kiatu cha kushoto kilikuwa mahali pake. Cha kulia hakikuwepo. Nikatafuta chini ya ngazi, bafuni, nyuma ya mlango, kwenye kapu la nguo chafu. Nikamwita Mama anisaidie, hakuitika. Nikatafuta mpaka jasho likanitoka, nikisema, "Nisubirini! Nakuja! Nisubirini!" Mwishowe nikakikuta chumbani kwa Mama, chini ya kitanda chake, nyuma kabisa, kimesukumiwa ukutani nyuma ya sanduku. Hata sikushangaa kimefikaje. Nikakivaa, nikakaza kamba, nikatoka mbio.

Barabara ilikuwa tupu. Mlango wa Anti ulikuwa umefungwa, madirisha hayana mapazia. Mama alikuwa amesimama peke yake kwenye kijigeti chetu, na mkononi ameshika kifurushi kimoja cha foili.

"Wameenda," akasema. "Wamerudi kwao, India. Mkataba wa baba yake Nila umekwisha. Teksi isingeweza kusubiri."

Nilielewa pale pale, na si kuhusu Anti peke yake. Nikiwa na miaka minne, Voi, Mama aliniambia maneno hayo hayo. Kavae viatu, mamangu, twende. Vilikuwa vyeusi, vya mkanda, vipya, na mkanda ulikuwa mgumu. Bibi alitaka kunisaidia nikakataa, nikasema najua mwenyewe. Nilipotoka, gari halikuwepo. Bibi akasema Mama ametangulia. Kwangu ile maana yake ilikuwa moja tu: nimechelewa. Ningekubali kusaidiwa ningemkuta. Basi kwa miaka mitatu nilifanya mazoezi. Nilikaa kwenye kizingiti cha Bibi nikifunga na kufungua, nikifunga na kufungua, mpaka nikaweza kufanya nikiwa nimefumba macho. Siku nilipofika Birmingham, jambo la kwanza nililomwambia Mama uwanja wa ndege ni, "Siku hizi nafunga haraka." Akacheka, akanikumbatia, akasema ni vizuri.

Na sasa nilikuwa nimesimama nimefunga haraka, na barabara tupu. Kosa halikuwa la viatu. Halijawahi kuwa la viatu. Sikulia. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walilia. Mimi nilisikia aibu, aibu ya mtu aliyetapeliwa mara mbili kwa hila moja. Mama akaninyooshea kifurushi. "Mama Nila amekuachia hiki." Nikampita nikaingia ndani.

Alinifuata na kukiweka juu ya meza ya jikoni, na pale kikakaa. Nilikaa mkabala nacho mchana kutwa. Nilikuwa nimekipika mwenyewe, jamani. Nilikamua ule ukwaju, nikabeba na sufuria. Walinifanya niwapikie chakula cha safari ya kuniacha, wakasimama wananitazama, na hakuna mmoja, haki ya Mungu hakuna hata mmoja, aliyefungua mdomo. Nila aliyeshindwa kuficha zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa hata kwa saa moja aliweza kuficha hili. Hilo lilinichoma kuliko yote. Kidude chake cha dhahabu nilikitupa kwenye pipa la nje, kisha nikaenda kukitoa, kisha nikakitupa tena.

Jioni, jua la Julai bado liko dirishani, Mama akakaa kwenye kiti cha pili. Alikuwa amechoka. Nikamsemesha kwa Kiingereza, jambo ambalo nilikuwa sijamfanyia. Watoto wengine wa Kikenya walikuwa wakiwajibu mama zao hivyo, mimi nilikataa, Kiswahili kilikuwa chetu.

"Kiatu changu kilifikaje chini ya kitanda chako?"

Akasema, "Mimi ndiye niliyekificha."

"Nila alijua kwamba wanaondoka?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka." Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Usiwakasirikie, Wakesho. Mama Nila alitaka kukuambia. Alinijia mara tatu, mara ya mwisho analia. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia mtoto wangu namjua, akiambiwa atalia wiki nzima, atakataa kula, na mimi niko kazini, nitafanya nini? Nikamwambia kwetu mtoto haagwi. Unampa shughuli, unaondoka. Akirudi analia kidogo, halafu anasahau."

"Nilisahau?"

"Ulisahau nini?"

"Voi. Viatu vyeusi. Nilisahau?"

Sikuwahi kumwona mama yangu akibadilika uso vile. Ni mtu wa hospitali, ameona mengi, hatikisiki ovyo. Kisha akaanza kusema, taratibu, akiangalia meza, kama anayemsimulia mtu mwingine. Akasema siku ile ya Voi alikuwa hajaondoka. Gari lilikuwa limesogezwa nyuma ya nyumba ya jirani, na yeye alisimama nyuma ya jiko la yule jirani, amejibana ukutani. Aliniona nikitoka. Aliniona nikizunguka nyumba na viatu vyangu vimefungwa, nikimwita. Bibi alikuwa amemwambia asithubutu kutoka, akitoka hataondoka tena, na kazi itapotea. Dereva alipiga honi mara mbili. Alisema alisimama pale mpaka nikanyamaza, kisha ndipo akapanda gari, na ndege nusura imwache.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikusikia kila neno. Sijasahau hata siku moja. Usidhani ilikuwa rahisi."

Nadhani aliniambia ili nimwonee huruma. Sasa, nikiwa mtu mzima, namwonea. Nikimfikiria mwanamke wa miaka ishirini na sita amejibana kwenye ukuta wenye masizi, moyo unaniuma. Lakini aliyekuwa amekaa pale mezani alikuwa na miaka kumi, na alikuwa ametafuta kiatu siku ile ile. Nikarudi kwenye Kiswahili, nipate kusikika vizuri.

"Basi ungetoka," nikamwambia.

Alikaa mpaka jua likaondoka dirishani, kisha akanyanyuka akaosha ile sufuria kubwa, iliyokuwa imerudishwa na mafuta yake. Wali ule sikuonja punje. Ulikaa juu ya meza Jumapili nzima bila kuharibika, kama ulivyopikwa kukaa, na Jumatatu Mama akaula akiwa amesimama kwenye sinki, kwa sababu kwetu chakula hakitupwi. Anti alipiga simu kutoka Madurai mara nyingi majira hayo ya joto. Kila nilipoitwa nilisema naoga. Baadaye akaacha, nami nikamlaumu kwa kuacha.

Dada mmoja wa kanisani, mwanafunzi, alihamia chumba chetu cha nyuma ili nisibaki peke yangu Mama akiwa kazini. Na asubuhi ya kwanza ya mpango huo mpya, Mama aliingia chumbani kwangu kabla hakujapambazuka. Alikuwa hajawahi kuniamsha. Akakaa ukingoni mwa kitanda, amevaa sare, akanigusa bega juu ya blanketi.

"Wakesho, mamangu. Naenda kazini. Nitarudi saa tatu usiku."

Alifanya hivyo kila shifti, mwaka ule na mwaka uliofuata, mpaka nikaingia sekondari na miguu yangu ikawa inatokeza mwisho wa kitanda. Hakuruka hata siku aliyokuwa na homa. Akishasema, alikwenda mpaka mlangoni, akasimama pale kidogo, na basi lake lilikuwa halimngoji mtu. Alikuwa anasubiri niseme neno, lolote. Nilikuwa macho. Kila asubuhi nilikuwa macho, nimefumba, nikimsikia anavyosubiri, na sikumjibu hata mara moja.